Unataka kwenda konvensheni ya Rotary nje ya nchi? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano au wa sita Rotary ya dunia nzima, chama cha klabu za watu wa fani mbalimbali wanaojitolea, inakutana mji mmoja kwa siku tano hivi. 2022 ilikuwa Houston, 2023 Melbourne, 2024 Singapore, 2025 Calgary kule Kanada, na 2026 Taipei kule Taiwan. Huku kwetu Afrika Mashariki mji mpya ukitangazwa watu wanachangamka kweli, kila mtu safari hii lazima niende, halafu ikikaribia wanabaki wawili watatu, wengine viza imekwama, wengine hela haijatimia, wengine hawakujua hata pa kuanzia. Naandika kwa ajili ya hao, hasa mwanachama wa kawaida, mwalimu, mhasibu, mwenye duka la dawa, ambaye hajawahi kushika cheo chochote cha distrikti, yaani kundi la klabu za eneo moja, na anaamini konvensheni ni mambo ya magavana wanaoziongoza. Hapana jamani, ukiwa mwanachama hai una haki ya kuwepo sawa na gavana, na Rotaract, klabu za vijana wa Rotary, nao wana nafasi yao na ada yao ya usajili huwa chini kuliko ya wengine.

Anzia klabuni. Najua unataka tuongelee tiketi lakini subiri kidogo, kwa sababu ukifika kule swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu utakayekaa naye ni klabu yenu inafanya nini, na hilo swali halijibiwi na mtu anayekuja fellowship, yaani mkutano wa klabu, mara moja kwa mwezi kula chakula na kuondoka. Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya safari hudhuria, ingia kwenye kamati ya miradi, nenda saiti, kaa na mwalimu mkuu au mganga wa zahanati mnayoisaidia, ujue choo kimoja kinajengwa kwa shilingi ngapi, maji yanatoka wapi, nani anashika ufunguo wa pampu. Jua pia historia kidogo ya nyumbani. Paul Harris alianza Rotary Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wenzake watatu, klabu ya Nairobi ikaja 1930, Dar es Salaam 1949, ina maana sisi si wageni kwenye hii familia na ukiongea na mtu wa Ulaya au Japani ongea kama mwenyeji.

Sasa hela. Usipige hesabu ya tiketi peke yake, watu wengi wanaumia hapo. Kuna usajili wa konvensheni, viza, ndege, hoteli, bima ya safari, usafiri wa ndani, chakula, na zile dina za jioni ambazo zinalipiwa tiketi yake pembeni na usajili wako hauzihusu kabisa. Usajili unapanda kwa awamu, anayejisajili mapema kabisa analipa kidogo na anayesubiri mpaka mwezi wa mwisho analipa nyingi zaidi kwa kiti kilekile. Hoteli pia, zile za karibu na ukumbi zinajaa haraka, na kuna hoteli rasmi ambazo zinatengwa na waandaaji, sio lazima ulale hapo ila angalia bei yake kwanza ndio ulinganishe. Wawili kushea chumba kunapunguza gharama sana, kaka na kaka, dada na dada, zungumzeni mapema nani anakoroma.

Njia nzuri kuliko zote niliyoiona klabu za huku zikitumia ni mchezo, wenzetu Wakenya wanaita chama. Watu sita au nane wanaotaka kwenda wanachanga kila mwezi kuanzia miezi 18 kabla, mmoja anatunza, na hela haitoki mpaka siku ya kulipia usajili na ndege. Klabu ikitaka kumsaidia mwanachama mmoja, tuseme katibu kijana anayejituma, ipigiwe kura mkutanoni na iandikwe. Ila hela ya mradi haiguswi, hata kwa kukopa, hata kwa wiki mbili. Wafadhili wanaangalia hesabu na jina la klabu likichafuka hapo hakuna konvensheni itakayolisafisha.

Viza ndio mlima wenyewe, nitakaa hapa kidogo. Utaratibu wangu ni huu: pasipoti kwanza, hakikisha ina zaidi ya miezi sita mbele baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu zipo. Halafu jisajili na ulipe, kwa sababu barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini unaipata ukishajisajili. Halafu viza. Tiketi ya ndege inakuja mwisho, kabla ya hapo weka buking tu, usilipe tiketi isiyorudishwa wakati pasipoti yako bado iko mezani kwa watu wa ubalozi. Soma pia masharti ya kurudishiwa ada ya usajili, kuna tarehe ya mwisho ya kufuta na inapita haraka, iandike kwenye kalenda ya simu.

Kila nchi ina mambo yake. Singapore ilikuwa raha kwa Watanzania na Wakenya kwa sababu hatuhitaji viza kwa safari fupi, unajaza kadi ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika basi. Kanada ni tofauti, unajaza fomu mtandaoni, unapakia nyaraka zote, halafu unaenda kutoa alama za vidole kwenye kituo cha maombi, ada ni dola 100 za Kanada na 85 za vidole, na hizo alama ukishatoa zinadumu miaka 10. Marekani kuna fomu ya DS-160 na lazima ukae mbele ya afisa, na foleni ya miadi peke yake inaweza kukumaliza kama umechelewa kuanza. Taiwan haina ubalozi Dar wala Nairobi wala Kampala, kwa hiyo mji kama Taipei ukitangazwa kitu cha kwanza kabisa ni kujua ofisi gani inashughulikia raia wa nchi yako, kabla hata ya kuanza kuota hoteli.

Afisa wa viza anataka kujua vitu viwili tu, nani analipa na kwa nini utarudi. Barua ya Rotary haikupi viza na Rotary hawampigii simu balozi, hilo liwe wazi, ile barua inasema tu kwamba mkutano upo na wewe umejisajili. Yanayokubeba ni maisha yako: barua ya kazi yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara na kodi kama umejiajiri, hati ya nyumba kama unayo, cheti cha ndoa, watoto. Stetimenti ya benki ya miezi sita iwe na mwendo wa kawaida, mshahara unaingia matumizi yanatoka, kwa sababu milioni nane zikiingia wiki moja kabla ya maombi wanaona kabisa hizo ni za kuazima. Kama klabu au mchezo ndio umelipa sehemu, sema hivyo na weka barua ya mweka hazina. Ukiulizwa Rotary ni nini jibu kwa sentensi mbili za kwako, mfano sisi ni watu wa fani mbalimbali tunaokutana kila wiki na tunajitolea, klabu yangu inajenga vyoo vya shule wilaya fulani, basi, usianze kumhubiria afisa wa watu Kanuni ya Maswali Manne, ile ya maadili ya Rotary. Na mkienda kikundi kila mtu awe na nyaraka zake kamili, mwenzio akinyimwa wewe usinyimwe naye kwa sababu mlinakili barua moja.

Kitu kinachosahaulika ni viza ya kupita. Ukipitia Addis, Doha, Dubai au Istanbul na hutoki nje ya uwanja huna shida. London ni habari nyingine, pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inataka viza ya kupita, ingawa mwenye viza ya Kanada au Marekani mara nyingi anaingia kwenye msamaha, soma vizuri kwenye saiti ya serikali yao. Ndugu zetu wa Kongo ya Kinshasa mnapopitia Paris, Brussels au Amsterdam mnahitaji viza ya uwanja wa ndege hata kama hamtoki nje, kwa hiyo tiketi ya bei rahisi kupitia huko inaweza kuwa ghali kuliko zote. Na kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, siku hizi ukichoma mara moja ni ya maisha, ibebe kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti, usiiweke kwenye sanduku.

Tuje kwenye kitu ambacho mimi nakiona ndio sababu ya kwenda: karatasi ya mradi. Ukurasa mmoja tu, mbele na nyuma. Wapo watu zaidi ya elfu 10 kule na wengi wao wanatoka klabu zenye hela ya kutoa na hazijui ziipeleke wapi, na wewe unatoka mahali ambapo unajua kabisa iende wapi. Mnachotafutana ni hicho. Rotary ina ruzuku inaitwa Global Grant, bajeti yake inaanzia dola 30,000, na haipatikani mpaka kuwe na klabu au distrikti mbili, moja ya nchi ambako mradi uko na nyingine ya nje. Yaani bila rafiki wa nje hakuna ombi. Mkipata, mfuko wa dunia wa Rotary unaongeza asilimia 80 juu ya kile distrikti zinachotoa kwenye fungu lao. Sasa huyo rafiki wa nje utampata wapi? Kwa barua pepe za kuandikia klabu 200 ambazo hazijibu? Utampata kwenye meza ya kahawa, mkiwa mmechoka miguu wote wawili, anakuuliza unatoka wapi.

Kwenye karatasi andika tatizo kwa namba za kweli za mahali penyewe. Tuseme shule ina watoto 900 na matundu manne ya choo, andika hivyo hivyo, weka picha moja, andika wanakijiji wenyewe wanachangia nini, nani atatunza baada ya nyinyi kuondoka, bajeti kwa shilingi na kwa dola, jina la klabu na barua pepe ya klabu, sio yako peke yako. Na iwe mmeshakaa na wanajamii wakasema wenyewe wanahitaji nini, kwa sababu tathmini ya mahitaji ni sharti la hiyo ruzuku na mtu anayejua Global Grant atakuuliza hapo hapo. Mkisema watu wanataka maji wakati wao walisema wanataka choo, huyo mzungu mstaafu mhandisi wa maji atawagundua kwa maswali matatu. Chapisha nakala 50, na nyingine iwe kwenye simu tayari kutumwa.

Mizigo sasa. Vitenge vya sare ya kundi, hili msilidharau, siku ya ufunguzi bendera za nchi zinaingia ukumbini na watu wa Afrika Mashariki mkiwa mmevaa kitenge kimoja, Waganda na kanzu na gomesi zao, mnaonekana kutoka mwisho wa ukumbi na watu wanawafuata kupiga picha, na kila picha ni mazungumzo. Vibendera vya klabu vya kubadilishana beba 15 hadi 20, mnapeana na klabu nyingine na chao unakuja kukitundika kwenu. Pini za Rotary za nchi yako, kadi za biashara nyingi. Zawadi iwe khanga, nyepesi, haivunjiki, na yule mama akikuuliza maandishi yanasema nini umeshapata dakika kumi za stori. Vyakula, vinyago na vikapu angalia sheria, Australia wakali mno na mbao na mimea, unatakiwa kutamka kila kitu kwenye fomu na wanakagua. Kanada nyama usithubutu. Kahawa iliyokaangwa na kufungwa dukani kwa kawaida haina tatizo lakini itamke. Nguo, usidanganywe na neno kiangazi, Calgary mwezi wa sita ni mwezi wa mvua na jioni baridi inakung'ata, na Singapore nje ni joto kama Dar ila ndani ya ukumbi kiyoyozi unatafuta sweta. Viatu, nakuomba, viatu ulivyokwisha vivaa, unatembea kutwa.

Fika siku mbili kabla. Calgary wako nyuma yetu kwa masaa tisa, ukifika siku ya ufunguzi utasinzia kwenye hotuba zote na saa nane usiku uko macho unahesabu dari. Siku ya kwanza kachukue beji, tafuta njia kutoka hotelini mpaka ukumbini ukiwa huna haraka, nunua laini au washa ya kidijitali. Miji mingi usafiri wa umma ni mzuri, Calgary treni ya katikati ya mji kwenye Barabara ya 7 ni bure kabisa na wengi wanalipa teksi kwa kutokujua. Waambie benki yako unasafiri kadi isije ikafungwa, na beba keshi kidogo ya nchi hiyo.

Ndani ya konvensheni kuna vikao vikubwa vya wote, kuna vikao vidogo vya mada, na kuna House of Friendship, ukumbi wa vibanda. Vikao vikubwa hudhuria cha kwanza na cha mwisho, katikati chagua. Vidogo chagua vinavyogusa mradi wenu, maji, afya ya mama na mtoto, elimu, na kaa mbele, ukiuliza swali taja klabu yako na nchi, baada ya kikao watu wanakufuata wewe sio msemaji. Lakini saa zako nyingi zitumie House of Friendship. Pale kuna vikundi vya watu wa Rotary wenye fani na mapenzi mamoja, madaktari, waendesha baiskeli, wapishi, na kuna vikundi vya utekelezaji, kile cha maji na usafi zamani kikiitwa WASRAG, ukiwa na mradi wa maji nenda kwao moja kwa moja, wana watu wanaojua kisima kinakufa kwa nini na hawakuchaji kitu. Usipite vibanda vyote unakusanya kalamu na mifuko, kaa kwenye vichache kwa muda mrefu. Meza ya chakula usikae na watu wa nyumbani kila siku, najua ugeni unauma na Kiswahili ni kitamu ila kwenu mtaongea mkirudi. Asubuhi pamoja, mchana kila mtu na wageni, jioni mnakutana kupeana habari.

Kila ukimaliza kuongea na mtu, piga picha beji yake kwa ruhusa yake, na andika maneno machache kwenye simu, ameahidi nini, anapenda nini, mke wake anaitwa nani. Usiombe hela siku ya kwanza. Msikilize na yeye mradi wake, wengine wanatafuta mahali pa kuleta madaktari wa kujitolea, wengine vijana wa kubadilishana, labda mnachoweza kupeana siyo kile ulichokuja nacho.

Watu watakuuliza kuhusu Afrika, na wengine wanajua mabaya tu. Nenda na ya kujivunia. PolioPlus, kampeni ya Rotary ya kutokomeza polio, ilianza 1985, 1988 dunia ilikuwa na wagonjwa wa polio kama 350,000 kwa mwaka kwenye nchi 125, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ikatangazwa haina tena polio ya virusi vya asili, kazi iliyofanywa na wachanjaji wetu wanaotembea kijiji hadi kijiji na kisanduku cha barafu begani. Waambie habari za Sam Owori wa Kampala aliyechaguliwa kuwa rais wa Rotary dunia kwa 2018-19, akafariki Julai 2017 kabla hajakikalia kiti, angekuwa Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Wazee wengi kule walimfahamu, ukimtaja nyuso zao zinabadilika, na wanakukaribisha kama mtoto wa nyumbani.

Wenyeji mara nyingi wanaandaa jioni ya kukaribisha wageni majumbani au kwenye klabu zao, jiandikishe mapema nafasi zinaisha. Ile jioni moja kwenye sebule ya watu ina uzito kuliko dina kubwa ya ukumbini. Nenda na khanga yako, kula walichopika, kama huli nguruwe au huli nyama kabisa sema wakati wa kujiandikisha sio mezani. Na wewe wa Lions, chama kingine cha kujitolea kama Rotary, usijione umeachwa, karibu yote haya yanakuhusu, chama chenu alikianzisha Melvin Jones hapo hapo Chicago 1917, konvensheni yenu ina gwaride la mataifa barabarani na kubadilishana pini ni kama dini, kwa hiyo beba pini mara mbili ya ulivyopanga.

Ukirudi, ndani ya wiki moja mwandikie kila mtu uliyemwandika kwenye simu. Ujumbe mfupi, picha mliyopiga, kile mlichoongea, na swali moja la kujibu, mfano tunaweza kuongea kwa Zoom Jumanne jioni? Watu 30 uliokutana nao watajibu labda 10, watakaofika kwenye mradi wawili au mmoja, na mmoja anatosha. Klabuni omba dakika 20 usimulie, sajenti, yule msimamizi wa nidhamu mkutanoni, atakutoza faini ya kuringa na wewe lipa kwa furaha, lakini picha za mnara na maduka ziwe mbili tu, muda uliobaki onyesha majina ya klabu ulizopata na kila moja inataka nini.

Na kuna mtego wa kalenda hapa. Konvensheni inaisha mwezi wa tano au wa sita na mwaka wa Rotary unaanza tarehe 1 Julai, rais mpya, katibu mpya, kamati mpya, na huko kwa rafiki yako vivyo hivyo. Urafiki mwingi unafia kwenye hayo makabidhiano, barua pepe inaenda kwa katibu aliyemaliza na hakuna anayejibu. Kwa hiyo kuanzia ujumbe wa kwanza kabisa weka nakala kwa rais anayeingia na katibu anayeingia wa klabu yako, muombe na mwenzio aweke wa kwake, na mwenyekiti wa miradi apewe lile faili lote, majina, picha za beji, ahadi, kabla ya Juni kuisha.